Mama Yangu Alikaanga Mandazi na Mafuta ya Sabuni

Admin, ukiposti hii ficha jina langu kabisa, hapa Uvira tunajuana. Na nyinyi mutakaosoma munivumilie, ni ndefu na ninaandika nikiwa na kinyaa.

Minye ninayeandika ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, niko na watoto wawili. Kazi yangu ni deklaran: mfanyabiashara akiingiza mali kwa bandari ya Kalundu, minye ndiye ninayeandikia watu wa douane, yaani forodha, hiyo mali ni kitu gani. Kila mali iko na namba yake, na hiyo namba ndiyo inaamua ushuru utakuwa kiasi gani na nani atakuja kuikagua. Bwana yangu ni mfanyabiashara. Ni mtu wa swala tano, mtu wa kusalimiwa kila kona ya soko. Nilikuwa najivuna naye, siwafichi.

Mwaka jana alianza kuleta mafuta ya mapipa kutoka ng'ambo ya ziwa. Aliniambia ni ya wapika sabuni wa Kamanyola na Luberizi. Nilifungua pipa moja bandarini, harufu ikanipiga puani kama rangi ya nyumba. Hata karatasi za kiwanda zilisema si ya kula. Basi nikaweka namba ya mafuta ya kiwandani. Ushuru wake ni mdogo, na wakaguzi wa chakula hawayagusi, kwa sababu nani anakula sabuni? Nilifanya kazi yangu sawasawa.

Siku moja mafuta yakaisha nyumbani. Nikitoka kazini mchana nikapita kwa depo ya bwana yangu, nikakuta bidoni, yale madumu ya njano, zimepangwa, wamama wa soko wanabeba. Nikachukua moja nikidhani ni mafuta ya kula, nikaenda kupika. Yeye alipoingia kula chakula cha mchana, aliona ile bidoni karibu na moto akaruka kama ameona nyoka.

"Nani ameingiza hii hapa? Hapana pikia batoto hii!"

"Kwani iko na nini? Si nimeona bamama banauziwa?"

"Bale ni bateja," akasema. Akaibeba mwenyewe mpaka nje, akarudi na chupa ya mafuta ya dukani, imefungwa bado.

Nikamwangalia. Nikamuuliza, "Ni yale ya mapipa?"

Hakuona hata haya. Akanieleza kama mtu anayefundisha upishi: wanayachemsha, wanatia vitunguu na chumvi, harufu inapungua, halafu wanayapima kwa bidoni. Yote hayo ananieleza huku ananawa mikono.

"Minye sikudanganya muntu," akasema. "Weye mwenyewe uliandika ni ya sabuni, na ni ya sabuni. Douane tumewalipa. Mambo ya jikoni ya bantu, douane inaingilia wapi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nikamkumbuka mama yangu.

Mama ni mjane, alikuwa anakaanga mandazi kule Kasenga karibu na shule. Tangu mafuta hayo yaanze kuingia, bwana yangu alikuwa anamtumia bidoni kila mara, bure. Mama alikuwa anamuombea. Kwa majirani anasema, "Mukwe wangu ananiangalia kuliko batoto niliozaa." Na minye nikisikia hivyo moyo unajaa.

"Na zile za mama?" nikauliza.

Akajipangusa mikono. Halafu akajibu, "Mama yako hayali sana yale mandazi. Anauza tu."

Anauza tu! Kwa nani? Kwa watoto wa shule. Nilitoka nje nikatapika nikiwa nimeshika ukuta. Mpaka leo akinyoosha mkono kuchukua chakula kwenye sahani yangu, ninamwachia sahani yote.

Nilienda Kasenga nikamwambia mama yote. Alikaa chini, akaigusa ile bidoni kama anaigusa mara ya kwanza. Akasema, "Wale batoto walikuwa wananiambia tumbo linawauma, nami nawaambia ni maji." Akamwaga mafuta yote kwenye shimo la takataka. Tangu siku hiyo hajakaanga tena. Wanafunzi wanapita wakimuuliza, anaingia ndani.

Lakini nikitaja kumshitaki bwana yangu, ndiye huyohuyo anayeniambia, "Mwanangu, hapana mufunga baba ya batoto bako." Bwana yangu alipoenda kumsalimia na kitenge, mama alimtolea kiti. Alikipokea kile kitenge! Nilikasirika na mama vilevile, Mungu anisamehe.

Bwana yangu aliniapia ameacha. Nikataka kuamini. Leo asubuhi ameweka karatasi mbele yangu: mapipa mengine yamefika Kalundu. "Fanya kama siku zote," akasema, akaenda msikitini.

Sasa muone mtego wangu. Nikiandika ukweli, kwamba ni mafuta ya sabuni, yatapita haraka na baada ya siku chache yatakuwa kwenye masufuria ya wamama wa hapa. Nikiandika uongo, kwamba ni ya kula, wakaguzi watachukua sampuli na yatakamatwa palepale. Lakini nitakuwa nimeweka sahihi yangu chini ya uongo, kazi inakwenda na pengine gereza tunaingia wote wawili. Nikienda mwenyewe kwa mkubwa wa douane kueleza kila kitu, nimemfunga baba ya watoto wangu. Dada zake wameshaniambia mwanamke wa heshima hatoi mambo ya nyumba yake nje.

Nyinyi ambao mumekula mandazi ya hapa mwaka huu, semeni. Kesho asubuhi lazima nijaze. Niandike namba gani?