Kikao cha Kumi

Shangazi yangu alichapa kesi mahakamani miaka ishirini, akadhani masikio yake yamekwisha kusikia yote. Alipostaafu, mtafiti mmoja wa saikolojia ya uhalifu alimwajiri achape mahojiano yaliyorekodiwa ya wanawake waliofungwa kwa kuwadhulumu watoto kupitia mtandao.

"Wanawake?" shangazi alishtuka. "Mama za watu?"

"Ndiyo, mama. Hatuwaoni kwa sababu hatuamini."

Mfungwa mmoja alishikilia kwamba mumewe ndiye aliyemlazimisha. Mtafiti hakumbishia wala kumkaripia. Alimsikiliza vikao tisa. Katika cha kumi alimpa ujumbe uliotumwa kwa mtoto kutoka simu ya mfungwa mwenyewe, mume akiwa safarini, akamwomba ausome mwenyewe. Akausoma kwa sauti, akaurudia. Kisha sauti ikasema, "Huyu ni mimi. Sikutumwa na mtu."

Shangazi alivua hedifoni. Alikwisha kuona mawakili wakifoka mpaka jasho likawatoka, lakini hakuwahi kusikia ukweli ukitoka kwa upole namna ile.

"Umemfanyaje, mwanangu?" alimuuliza mtafiti.

"Nilimngoja tu, mama."

Siku ile mfungwa alitaja pia watoto wengine wawili aliowadhulumu, ambao hakuna aliyewajua. Walitafutwa, wakapatikana, wakaanza kupata msaada.