Bomba Lililogonga Ijumaa

Nyumba tuliyopanga Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini ilikuwa ya mawe, ya zamani, na nyuma ya ukuta wa jikoni kulikuwa na buusta ya kuni: pipa la chuma lililojengewa kwa matofali, unawasha moto chini yake, maji ya moto yanapita kwenye bomba darini hadi bafuni. Niliringia ile buusta kuliko makochi, na sioni haya kusema.

Mama mkwe wangu hakuiringia. Alikuja kwetu kutoka kisiwani, ng'ambo ya Mbita, akiwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa sababu ya sukari. Daktari aliyemwona Homa Bay alisema waziwazi kwamba mguu usafishwe na kufungwa hospitalini kila siku, la sivyo utakatwa. Kule kisiwani hakukuwa na wa kumfunga. Kwetu hospitali ilikuwa hatua chache tu. Basi akae kwetu, nikasema, na mjadala ukaishia hapo.

Ila kwa desturi yetu Wajaluo, mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mume wangu alimbembeleza kwamba nyumba ya kupanga mjini si boma. Alikubali shingo upande, akauweka mkoba wake karibu na mlango wa chumba, na nguo hakuzitoa. Mchana alikaa tu kibarazani. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikumpa hata ufagio. Niliona namheshimu.

Ijumaa ya kwanza, jua lilipozama, tukiwa sebuleni tunaimba kuikaribisha Sabato, dari ikagonga. Ngo. Ngo. Kisha mfululizo, mpaka vikombe vikatetema kabatini.

"Nyar Rongo," akaniita, maana upande wao mke huitwa kwa kwao alikozaliwa, "hiyo nini?"

"Ni bomba, Mama."

"Lilikuwa likigonga kabla sijaja?"

Nikatafuta uongo mzuri nikakosa. "Hapana. Si hivi."

Jumapili asubuhi akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Nyumba hii hainitaki. Nimekuja mahali nisipopaswa kulala, nayo inaniambia. Ijumaa ikigonga tena, naenda kwangu."

Nilipandwa na hasira, si kwake, kwa bomba. Mguu wa mtu ukatwe kwa sababu ya kelele? Siku hiyohiyo nilivaa suruali ya mume wangu, nikapanda darini na tochi mdomoni. Nikaona bomba limebanwa kati ya mbao mbili, na kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka, nikajua hapo ndipo linapopigana na mbao. Nikakata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vipande, nikavipachika kila palipobana. Mume wangu alisimama chini akishika ngazi, akiniuliza kama tusimwite fundi.

"Fundi yuko juu," nikamjibu.

Tukawasha. Kimya. Jumatatu kimya, Jumanne kimya, wiki nzima kimya. Nilitembea kifua mbele sokoni, nikamweleza muuza nyanya mambo ya bomba ambayo hakuwa ameniuliza.

Ijumaa, jua likazama, tukafungua vinywa kuimba. Ngo.

Mama mkwe aliinuka, akauchukua mkoba wake, akauweka mapajani. "Keshokutwa nitafutieni gari," akasema.

Nilitoka nje mbio kama mtu anayekwenda kumkabili mwizi. Mlango wa buusta ulikuwa mwekundu. Ndani kulikuwa na magogo ambayo yangetosha kupikia matanga ya ukoo mzima, na juu ya paa mvuke ulikuwa ukipuliza. Nikasimama, nikacheka peke yangu kwa uchungu.

Sisi ni Wasabato, na nyumbani kwetu moto hauwashwi Sabato. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya jua kuzama mume wangu, mzee wa kanisa, alikuwa akijaza magogo ya kutosha hadi kesho yake. Na tangu mama yake aje, alikuwa akijaza mara mbili, ili mama asikose maji ya moto ya kuoga. Maji yalikuwa yakichemka mle pipani, mvuke unaparamia bomba. Mama mkwe alikuwa amesema kweli. Bomba liligonga kwa ajili yake.

Nikavuta magogo nje, Sabato au si Sabato, kisha nikafungua bomba la bafuni maji yakamwagika. Kelele ikafa. Nikawaita wote wawili, nikawaonyesha, nikawaeleza. Mama aliyatazama yale magogo, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Basi apunguze kuni," akasema.

"Nikipunguza, kesho maji yatakuwa baridi, Mama," mume wangu akasema. "Na kesho hatuwashi."

"Mimi Mkatoliki. Nitawasha mwenyewe."

Mume wangu akajikuna kichwa. Kwa kweli alikuwa na shida, maskini. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba amri ya Sabato inamhusu hata mgeni aliye nyumbani mwako.

Mama mkwe akaweka mkoba chini. "Hiyo amri naijua. Ametajwa mwana, ametajwa binti, wametajwa watumishi, hata ng'ombe. Na mgeni, ndiyo." Akamnyooshea kidole. "Mama hakutajwa. Kwani mimi mgeni wako?"

Mzee wa kanisa akageuka kunitazama mimi, nami nikaenda kufunga bomba la bafuni.

Asubuhi, tukiwa tunavaa kwenda kanisani, nilisikia mtu akivunja vijiti nyuma ya jikoni na kunung'unika kwamba kuni za Migori ni mbichi. Nilipopita chumbani kwake nikaona mkoba umelala mtupu chini ya kitanda, na gauni zake zinaning'inia msumarini.

Alikaa hadi mahindi yakavunwa. Siku ya kuondoka alikataa kushikwa mkono, akatembea mwenyewe hadi stendi, kwa miguu yake yote miwili.