Sufuria Iliyovuka Changamwe

Niliondoka Mtongwe kwa sababu ya leso. Jioni moja, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilimkuta mama ameianika leso yake kwenye kamba nyuma ya nyumba, nikamuuliza mbona anafua saa za magharibi.

"Nimeifua, basi. Leso haifuliwi?" alinijibu, uso kaugeuzia ukutani.

Nikaishika. Ilikuwa na tope la mikoko, na nilipoigusisha ulimini pembe yake ilikuwa chumvi tupu. Hakuna mtu anayefua leso kwa maji ya bahari.

Mama alikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mkono wa bahari, upande wa Dongo Kundu. Maji yakitoka alivuka kwa miguu, akafanya kazi yake, akarudi kabla hayajajaa. Mara hii yalikuwa maji ya bamvua, yale makubwa ambayo hutoka mbali na kurudi mbio, nayo yalimkuta katikati. Nilipombana sana alikiri kwamba yalimfika kifuani. Kisha akasema mpunga umeiva, ndege wanaumaliza, na Jumamosi atavuka tena nikitaka nisitake. Nikapiga kelele, nikalia, nikamwambia auze shamba. Akaendelea kuchambua mchicha kama vile naimba.

Usiku ule sikupata usingizi. Kulipokucha nikakumbuka boti ya Mjomba Bakari.

Jumatatu asubuhi nilivuka feri ya Likoni, nikapanda basi la Kisauni, kisha nikateremka na kwenda kwa miguu hadi Junda. Mjomba Bakari ni ndugu yake mama, na kwa muda mrefu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Nyali. Hoteli ilipoitupa boti yake ya aluminiamu iliyochakaa, yeye aliiomba akapewa. Kila mtu Junda aliiita Sufuria.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwema? Yule dadangu je?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya leso. Akatikisa kichwa. "Huyo hakatazwi. Tangu mdogo yuko hivyo. Boti chukua, ni yake. Ila yavuja kwenye ribiti. Lakini nishaitengeneza, yangoja siku tu."

Tukateremka pwani. Nikaangalia huku na huku, sikuona boti.

"I wapi?"

"Si hiyo?" Akanyoosha kidole majini. Boti ilikuwa imezama, imejazwa mawe, samaki wadogo wanapita juu ya viti vyake. "Yanywa maji. Wiki nzima sasa."

Msomaji aliyekulia bara huenda asielewe, lakini mimi nilimwelewa vizuri mno. Chombo cha mbao kikikaa juani hukauka na maungo yake yakaachana. Ukikitia majini, mbao hunywa maji, zikavimba, na nyufa zikajifunga zenyewe. Mjomba alikuwa amezaliwa na kukulia kwenye vyombo vya mbao, akafanya lile alilolijua.

"Mjomba, hii ni bati."

"Bati, sawa. Lakini ni chombo."

"Na bati huvimba?"

Akatazama boti, akatazama bahari. "Hapo sasa," akasema.

Tulitoa mawe, tukaipindua ufukweni. Kando ya ribiti, zile pini zinazounga bati na bati, alikuwa ameshindilia pamba iliyochovywa mafuta ya papa, kama wanavyofanya mafundi wa mashua. Pamba ilikuwa inaning'inia. Hasira zikanipanda, na maneno yakanitoka kabla sijayapima: "Kama ni sufuria, si tuipeleke kwa fundi wa sufuria!"

Mimi nilikuwa natukana. Mjomba akalichukua kama shauri.

"Wallahi umesema kweli. Yuko Kazungu, pale Changamwe."

Jumanne, maji yalipojaa, tulivuka kwenda upande wa Mikindani. Mjomba alivuta makasia, mimi nikafua maji, nikiyachota na kuyamwaga nje kwa kopo la mafuta ya kupikia. Sikuinua kichwa. Kila ribiti ilikuwa na kichemchemi chake. Nikimwaga kopo moja, yanaingia mawili. Katikati ya mkondo nilimfikiria mama amesimama kwenye tope, maji yanampanda, hana hata kopo, na moyo ukaniuma kwelikweli. Tulipogusa ufuko maji ya ndani yalikuwa yamenifika vifundoni.

Kutoka Mikindani kwenda Changamwe ni mlima, na boti haipandi mlima peke yake. Tukampata mwenye mkokoteni. Akaitazama ile boti, akazunguka mara mbili, akauliza bahari imehamia wapi. Tukaifunga kamba, yeye akavuta mbele, sisi tukasukuma nyuma. Njia nzima watu walikuwa na lao la kusema. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga viazi alituita: "Sufuria hiyo yapika pilau ya watu wangapi?" Mjomba akamjibu ya mtaa mzima, alete mchele. Kwenye barabara kuu malori ya bandarini yalisimama tukavuka na chombo chetu, na dereva mmoja akapiga honi kama ya meli. Tangu siku ile ya leso, hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza.

Adhuhuri tulifika kwa Kazungu, nyuma ya soko la Changamwe. Alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi na sauti iliyozoea kushindana na nyundo, amezungukwa na sufuria za kila ukubwa anazozitia mikono na matako mapya.

"Nimeletewa sufuria za harusi," akasema, "nimeletewa za matanga. Yenye makasia ndiyo kwanza."

"Waiweza?" nikamuuliza. Sikuwa na hamu ya mzaha tena. "Jumamosi mamangu avuka nayo. Ikiwa si nzima atavuka kwa miguu, na juzi maji yalimfika kifuani."

Akaacha kucheka. Akapitisha kidole gumba juu ya ribiti, moja baada ya nyingine. "Dada, mkono wa sufuria ni bati mbili na ribiti. Hii pia ni bati mbili na ribiti. Hebu tuone palipooza."

Akaipandisha juu ya mapipa, akaagiza ndoo za maji.

"Maji tena?" Mjomba akashtuka. "Wiki nzima nimeitia majini, haikufaa kitu."

"Wewe uliitia majini, Mzee. Sasa tutie maji ndani yake."

Majirani walileta ndoo, tukaijaza nusu. Kazungu akalala chali chini ya boti na kipande cha mkaa mkononi. Maji yalianza kudondoka, tone hapa, tone kule, naye akawa anatia alama ya mkaa kila pavujapo huku matone yakimwangukia usoni. Mjomba alichutama kando, akitazama tumbo la boti yake likijaa alama nyeusi.

Jumatano ilikuwa siku ya kazi. Ribiti zilizolegea zilikazwa tu: mimi nilishikilia chuma kizito nje, kwenye kichwa cha ribiti, naye akagonga mkia wake kwa ndani. Kila pigo lilinifika mpaka menoni. Zilizooza alizikata kwa tindo, akapanua tundu kwa keekee, akatia ribiti nene zaidi, zilezile za mikono ya sufuria kubwa, na gundi ya kuzibia chini ya vichwa vyake. "Usikisogeze chuma, dada!" alinipigia kelele. "Ukikisogeza nagonga hewa!" Sikukisogeza.

Alhamisi asubuhi tuliijaza tena. Nikachutama chini yake nikitazama zile alama za mkaa. Hii kavu. Hii kavu. Hii nayo kavu. Halafu, karibu na mkuku, uti wa mgongo wa boti, chini ya kiti cha katikati, likatokeza tone, likanenepa, likadondoka. Nikamwita Kazungu.

Kazungu akainama ndani, akapapasa. "Nani katia msumari wa shaba hapa?"

Mjomba akawa anatazama mapaa ya nyumba.

"Mzee?"

"Ni wa mashua," Mjomba akasema polepole. "Mzuri. Haushiki kutu."

"Haushiki kutu, wenyewe. Lakini shaba na aluminiamu ukivitia kwenye maji ya chumvi, aluminiamu yaliwa. Tazama." Akaung'oa. Tundu pembeni yake lilikuwa limelika, bati jembamba kama karatasi. Ilibidi akate kiraka kutoka kwenye kifuniko cha sufuria na kukipigilia kwa ribiti pande zote. Mjomba mwenyewe aliomba kushika chuma, na alikishika kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Tukaijaza mara ya tatu. Tukaswali adhuhuri, tukala muhogo na samaki, tukarudi. Vumbi chini ya boti lilikuwa vumbi tupu. Nililia mbele ya watu na sioni haya kulisema. Kazungu akaniambia nisiiloweshe kazi yake kwa machozi baada ya tabu yote hiyo.

Ijumaa, baada ya swala, mkokoteni ulituteremsha upande wa pili, Port Reitz, tukaingia majini kuelekea nyumbani. Nilikaa na kopo langu mapajani. Sijui tulikuwa tumefika wapi nilipoona maji yanang'aa karibu na mguu wangu.

"Mjomba! Yavuja!"

Aliacha kuvuta, akainama, akatazama. Kisha akainua kasia moja na kunionyesha jinsi lilivyokuwa likidondosha maji ndani. "Ni haya, mwanangu. Tulia." Nikalifuta lile dimbwi kwa kiganja, nikangoja. Halikurudi. Nikaliweka kopo chini ya kiti, na kwa mara ya kwanza nikainua kichwa nikaiona mikoko, meli zilizotia nanga na paa la msikiti wetu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kazi.

Katika safari hiyo nilijifunza jambo moja. Nilikuwa nimetumia nguvu nyingi kumzuia mama asivuke, na hazikunifaa. Nguvu nilizotumia kumtafutia cha kuvukia zilifaa zote.

Jumamosi alfajiri mama alishuka pwani na kisu chake cha kuvunia na kikapu. Aliizunguka boti. Akakiona kile kiraka. Mjomba akamwonyesha kiti, lakini yeye akaivua leso yake ya juu, ile ile, akaitandika chini kabisa, juu ya kiraka, akaikalia.

"Dada, kiti kipo," Mjomba akasema.

"Nimekiona."

Mjomba alivuta makasia kwa uangalifu, yasidondoshe. Maji yalikuwa mengi, na tulipopita pale yalipomkuta siku ile nilimwona akitazama chini mara moja tu, haraka, kisha akatazama mbele.

Upande wa pili alisimama, akaiokota leso, akaipapasa upande huu na upande ule, akaishika pembe moja akaigusisha ulimini kama nilivyofanya mimi. Kisha akajifunga nayo kichwani na kuchukua kikapu.

"Haya," akaniambia, na safari hii uso hakuugeuza. "Leo sina cha kufua."