Mikono Ambayo Kamera Haikuionyesha

Nilichomoa plagi. Sikutafuta rimoti wala sikuomba ruhusa. Niliinuka kwenye mkeka, nikapita katikati ya wanawake tisa waliokaa ukumbini kwa mama mwenye nyumba, nikakanyaga sahani ya viazi karai njiani, na nikaivuta ile plagi kwa nguvu hata soketi ikatoa cheche. Televisheni ikazimika. Wote wakaniangukia kwa maneno.

"Wewe! Umepandwa na nini?"

"Kwani hiyo televisheni ya mamako?"

"Mwacheni, mumewe hajapiga simu wiki hii."

Hilo la mwisho alilisema msusi anayekaa chumba cha mbele, na liliwachekesha. Nilimshika binti yangu mkono, naye akajivuta, nikamtoa kwa nguvu.

Nyumba yenyewe iko Mjambere, Kisauni. Ni vyumba sita na ukumbi mmoja, na kwetu ni ng'ambo ya feri, Timbwani, kwa hivyo hapa sina ndugu. Mume wangu yuko Uarabuni, analinda geti la jengo la watu. Binti yetu ana miaka saba. Hasikii. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo kabla hajatimiza miaka miwili, na alipotoka hospitali alikuwa anatembea, anakula, anacheka, ila jina lake halikumgeuza shingo tena. Wapangaji wenzangu humwita bubu. Si kwa ubaya, wanasema. Baba yake hupiga simu ya video kila Ijumaa na kumsemesha kwa mdomo, kwa sauti kubwa, kana kwamba shida ni umbali.

Shuleni kwao, shule ya viziwi, mwalimu alikuwa amewaambia kwamba Jumamosi saa kumi alasiri kutakuwa na sherehe ya tuzo za filamu, moja kwa moja kwenye televisheni, na kwamba miongoni mwa wanaowania tuzo ya mwigizaji bora wa kike kuna kiziwi, mtu anayezungumza kwa mikono kama wao. Wiki nzima mtoto alikuwa akinionyesha: mwanamke, mikono, televisheni, lini? Nami namwonyesha vidole. Siku nne. Siku tatu. Siku yenyewe alivaa gauni lake la Idi bila kuambiwa. Mimi sina televisheni, nikaenda kumwomba mama mwenye nyumba, naye akasema, "Si tutaangalia sote, mwanangu. Wa kukukataza nani?"

Mwanzo ulikuwa mzuri. Pembeni ya skrini, chini, palikuwa na kidirisha cha mkalimani wa lugha ya ishara. Binti yangu alikaa mbele kabisa, karibu na kioo, macho yake yako hapo tu. Mtangazaji alipofanya mzaha, mtoto alicheka pamoja na ukumbi mzima. Pamoja. Siku zote yeye hucheka baada ya watu, kwa kuwatazama nyuso. Siku hiyo nilifikiri, wallahi, leo na sisi tumealikwa.

Kisha wakaanza maoni ya watazamaji. Tuma ujumbe, utuambie nani amependeza. Maoni yakawa yanapita chini ya skrini kwenye utepe mpana wa rangi ya dhahabu, na utepe ule ukamfunika mkalimani kuanzia shingoni. Kikabaki kichwa kinachotikisika peke yake.

Na ukumbini nako maoni hayakupungua.

"Hilo la kijani ni gauni au chandarua?"

"Chandarua kina matundu madogo, shoga. Hilo jarife la kuvulia papa."

"Muone na yule bwana. Suruali imemkimbia miguu."

"Kavaa ya mdogo wake."

Mimi pia nilicheka, nisiseme uongo. Msusi akatuma ujumbe kwa simu yake kwamba gauni la kijani limewamaliza watu wa Kisauni, na tukawa tunangoja upite. Ulipopita tulipiga vigelegele hata mama mwenye nyumba akaweka kikombe chini. Mtoto akanigeukia, akanionyesha kidole kwenye utepe, akafanya ishara ya kuondoa kitu. Nikamwonyesha: ngoja. Hiyo ishara naijua sana.

Akangoja. Saa nzima alikaa akitazama kile kichwa.

Wakafika kwenye tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na aliyeshinda ni yule kiziwi. Binti yangu alimjua alipoinuka tu kitini, kabla sisi hatujajua, kwa sababu watu waliomzunguka hawakupiga makofi, walipunga mikono juu hewani, makofi ya viziwi. Mtoto akasimama. Yule mwanamke akapanda jukwaani, akaweka tuzo chini ili awe na mikono yote miwili, akaanza. Kulikuwa na mtu asiyeonekana aliyemsemea kwa sauti, kwa Kiswahili.

Kamera ilikaa naye kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Kisha ikaondoka. Ikaenda kumwonyesha bwana anayejipangusa machozi. Ikaenda kwenye gauni la kijani. Ikaenda kwa wadhamini, ikarudi kwa bwana wa machozi. Na sauti inaendelea.

Ukumbi ulitulia kama msikiti. "Masikini, mtoto wa watu." "Sikiza anavyomtaja mamake." Mama mwenye nyumba alishika ncha ya leso akajipangusa jicho. Wote waliipata hotuba ile, hata msusi. Mtoto wangu alikuwa anatafuta mikono. Aliweka kiganja kwenye kioo, kwenye uso wa yule bwana, akasukuma, kama unavyomsukuma mtu aliyekuziba. Kisha akanigeukia mimi. Anasema nini?

Najua kula. Najua kulala, kuoga, ngoja, inauma, hapana, shule, baba. Niliinua mikono yangu na ikabaki hapo juu, haina la kusema.

Sauti ilipokuwa inamalizia kusema asante, msusi akasema, "Mkalishe huyo mtoto, anatuziba. Kwani yeye ataambulia nini? Si aangalie nguo."

Hapo ndipo nilipoinuka.

Chumbani mtoto alinipiga tumboni kwa ngumi mbili. Hajawahi kunipiga. Aliniona kwa macho yake nikichomoa plagi, na kwa hesabu yake mimi ndiye niliyemnyamazisha yule mwanamke kabla hajamaliza. Nilijaribu kumweleza. Televisheni, mbaya, mikono, hakuna. Alinitazama ninavyohangaika, akajigeuza ukutani akafumba macho. Mtoto anayesikia akinuna unaweza kuusemesha mgongo wake. Wangu akifumba macho sina pa kupitia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda mpaka adhana ya magharibi, na upande wa pili wa ukuta plagi ilikuwa imesharudishwa na watu wanacheka.

Kesho yake niliingia kwenye ukurasa wa kituo cha televisheni. Maoni yalikuwa mengi mno: gauni, gauni, hongera, nywele, tumelia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mikono ilikwenda wapi. Nikaandika langu. Nikajibiwa na mtu mmoja tu: "Mungu atamponya mwanao, amini." Nikapiga simu kituoni. Msichana aliyepokea aliniambia, kwa adabu kabisa, nitume maoni yangu kwa ujumbe mfupi kwenye nambari iliyo kwenye skrini.

Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuniomba radhi au kuchomoa friji?"

"Kuomba radhi. Na ile hotuba, mama, mwaikumbuka? Mimi nilikuwa namtazama mtoto, sikuishika."

Alinitazama sana, kisha akanisogezea kigoda. Alikuwa anaikumbuka. Alisema yule mwanamke alisimulia kwamba mamake alijifunza ishara ukubwani, akikosea kila siku, siku moja akataka kumwambia anampenda akamwambia ni sufuria. Alisema tuzo ile anawapa watoto viziwi wanaomtazama nyumbani, na kwamba wasingoje mtu awasemee. "Kisha akasema mambo ya serikali, hayo sikuyashika." Niliandika yote nyuma ya daftari la mtoto, na ile sufuria nikaipigia mstari.

Jumatatu nikampa mwalimu pale getini. Akamsomea binti yangu kwa mikono. Mtoto alicheka mahali pa sufuria, kisha akauliza jambo refu, haraka, mikono inakatana hewani, na mimi mamake nimesimama hapo nikingoja kutafsiriwa.

"Amesema nini?"

"Anauliza yule mwanamke mwenyewe alivyosema ilikuwaje. Kama ana mikono ya haraka au ya taratibu. Kama alicheka." Mwalimu akakunja daftari. "Nimemwambia sijui. Hata mimi sikuona. Hakuna aliyeona."

Ndiye aliyenieleza kwamba kuna ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya utangazaji, lakini yawe kwa maandishi. Niliandika barua mara tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi. Hii ndiyo niliyoipeleka mjini kwa mkono wangu, ikapigwa muhuri wa kupokelewa.

KUH: MALALAMIKO JUU YA MATANGAZO YA SHEREHE YA TUZO ZA FILAMU

Mimi ni mkazi wa Mjambere, Kisauni, na ni mama wa mtoto kiziwi wa miaka saba.

Katika matangazo hayo, mkalimani wa lugha ya ishara alifunikwa na utepe wa maoni ya watazamaji kwa zaidi ya saa moja. Pili, mshindi ambaye ni kiziwi alipotoa hotuba yake kwa mikono, kamera iliiacha mikono hiyo na kuonyesha watu wengine mpaka mwisho. Tuliosikia tuliipata hotuba yote kwa sauti. Viziwi, ambao yeye mwenyewe alisema anazungumza nao, hawakupata kitu.

Nilipopiga simu kituoni niliambiwa nitume maoni. Haya si maoni, ni malalamiko.

Mimi sijui lugha ya mtoto wangu kiasi cha kumtafsiria. Kosa hilo ni langu na silileti kwenu. Nimeanza kujifunza shuleni kwao kila Jumamosi.

Ninachoomba ni kituo kiagizwe kurusha upya hotuba hiyo nzima, kamera ikiwa kwenye mikono ya mwenyewe, mchana, na kitangaze siku na saa mapema. Kama picha hizo hazipo kwa sababu hakuna kamera hata moja iliyobaki kwake, naomba kituo kiandike hivyo wazi, nami nitamweleza mtoto.

Sihitaji zawadi. Sihitaji mtoto wangu kuitwa studio kupigwa picha.

Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Mama yake.