Nsumba Ntale wa Ujerumani

Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya ushirika mjini Shinyanga. Mwezeshaji, kijana mpole aliyesoma Ulaya, alitueleza jinsi nchi za huko zinavyowabeba watu wake. Uswidi serikali hutangulia, Ujerumani wafanyakazi na waajiri huchangia mifuko ya bima, na Italia vyama vya ushirika huwahudumia hata wazee majumbani.

Mama mmoja wa Samuye akanyoosha mkono. "Mwanangu, huko Ujerumani nsumba ntale ni nani?"

Ukumbi ukacheka. Nsumba ntale ni kiongozi wa vijana kwetu Usukumani; akiita, vijana hutoka kulima shamba la mgonjwa au kuchimba kaburi.

Mwezeshaji hakucheka. "Huko, mama, kaburi huchimbwa na watu wa halmashauri au kampuni. Kwani kwenu nsumba ntale hayupo?"

"Yuko Geita, kwenye mashimo ya dhahabu. Aliondoka na vijana wake wote." Akakunja pindo la kanga, akalikunjua. "Mzee wangu wamemrudisha kutoka hospitali. Wamesema nikae naye tu. Ndiyo maana naulizia mapema."

Jirani yangu aliyekuwa akicheka akainamisha kichwa. Mwezeshaji akaweka kalamu mezani. "Pole, mama," alisema.

Nimesoma mengi kuhusu mifumo ya Ulaya, na kila mmoja una uzuri wake. Ila tangu siku ile nawaza kwamba ukanda wetu huu umejaa wachimbaji, na mama yule hana hata mmoja.