Kiti cha Nyuma

Vaijayanti alikuwa mfupi, na mtu mfupi akienda kununua pikipiki hukaribishwa kwa kicheko kabla ya chai. Kaka yake Dattu, aliyefuatana naye pamoja na mama yao, hata hakungoja wafike dukani.

"Vaiju, ukiipanda utahitaji ngazi!"

Vaijayanti hakuja kushindana maneno. Macho ya mama, Godavari, yalikuwa yanafifia. Sindano za macho zilikuwa zikichomwa mjini Karad, na mara mbili zilimpita kwa sababu Dattu, mwenye pikipiki pekee nyumbani, alikuwa "na shughuli". Daktari hakumung'unya maneno: akikosa tena, asimlaumu mtu. Ndipo Vaijayanti, mwalimu wa chekechea, alipoazima pikipiki ya jirani akajifunza.

Muuzaji alimwonyesha mapikipiki yenye matangi manene kama nyati. Yeye akachagua ile ya chini, ya kawaida kabisa. Nyayo zake zote mbili zilikaa sakafuni, na usukani aliufikia bila kuinama.

"Hii ya wauza maziwa?" Dattu akamcheka.

"Maziwa si hufika?"

Kisha mama akapanda nyuma, kiupande kama wanawake wote wa kwao, miguu yote miwili kushoto. Pikipiki ikalalia kushoto. Muuzaji akaidaka wasije wakaanguka. Vaijayanti akaona aibu, na kuliko aibu, hofu: kumbe atamwangusha mama njiani.

"Si nilisema? Uzito wa upande mmoja unataka mzoefu," Dattu alisema. "Mama nitampeleka mimi."

"Lini, mwanangu?" Godavari akauliza.

Dattu akaitazama simu yake.

Godavari alivaa sari ya kizamani, ile ndefu inayopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Akiwa ameivaa alikata miwa na kukwea miti ujana wake wote. Nyuma ya mume, na baadaye nyuma ya mwana, alikaa kiupande kwa sababu moja tu: ndivyo mwanamke mwenye heshima anavyokaa.

"Ishike sawasawa," alimwambia binti yake.

Akarusha mguu upande wa pili, akakaa kama wanaume, akamkumbatia kiunoni. Pikipiki ikatulia wima.

"Mama! Watu wanakutazama!" Dattu akamaka.

"Waache watazame, wana macho," Godavari alisema. "Mimi nayafuata yangu Karad."