Kukaa Kimya na Baba

Mwaka ule moyo ulinienda mbio bila sababu. Nilikuwa nanunua mahindi na kahawa mjini Mlowo, na hata nikikaa juu ya gunia kusubiri lori, mguu ulicheza wenyewe. Hospitali walinipima, wakasema moyo ni mzima, nipunguze mawazo. Nilitoka pale na hasira. Mawazo yanapunguzwaje?

Ndipo akaja mgeni, mama mmoja wa Kijapani aliyefuata kahawa ya Mbozi. Nilipewa kazi ya kumzungusha mashambani, maana Kiingereza changu cha kufanyia biashara na Wazambia kilitosha. Kila asubuhi nilimkuta uani mwa gesti, amekunja miguu juu ya mkeka, macho ameyainamisha, hasogei hata nzi akitua usoni.

"Unamwomba nani?" nilimuuliza.

"Siombi. Naangalia pumzi inavyoingia na kutoka."

"Halafu?"

"Akili inakimbia, nairudisha. Basi."

Aliniambia ni mafundisho ya Buddha: mateso huanza pale tunapong'ang'ania visivyodumu. Nikajaribu kukaa naye. Pumzi chache tu, nikawa nimeshafika Tunduma, mpakani, kwenye foleni ya malori, nagombana kichwani na dalali. Nilipofumbua macho, yeye bado ametulia. Nilimwonea wivu.

Alipoondoka niliendelea mwenyewe, vibaya, huku najikuna na kuchungulia simu. Nilipomweleza baba, alikunja uso. Baba alikuwa mwinjilisti kule kijijini Isansa. Sauti yake ilivuka bonde bila kipaza sauti.

"Mama," alisema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Ukifagia nyumba ukaiacha tupu, unajua ni pepo gani wanaoingia?"

"Lakini baba, hata Yesu alikuwa anapanda mlimani peke yake."

"Alimwendea Baba yake. Mimi nikinyamaza, kuna ninayemnyamazia. Wewe unamnyamazia nani?"

Kila nilipokaa, swali lile lilikaa nami. Niliacha, nikarudi, nikaacha tena.

Masika yaliyofuata baba alianguka shambani akipalilia kahawa. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, na ulimi nao ukawa mzito. Tulipomrudisha nyumbani kutoka hospitali, waumini wake walikuja kumwombea, wote kwa pamoja, kwa sauti, mikono juu ya kichwa chake. Niliona jicho lake likizunguka. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulipigapiga godoro. Wao wakadhani ni Roho anashuka, wakazidi kupaza.

"Naomba tunyamaze," nilisema. Hakuna aliyesikia. Nikapaza na mimi. "Wazazi wangu, naomba mtuachie nafasi kidogo!"

Shangazi, dada yake baba, akanigeukia. "Unafukuza maombi?"

"Sifukuzi, shangazi. Mwangalieni kwanza mgonjwa."

Wakatoka mmoja mmoja, wengine wamenuna. Nikakaa sakafuni, nikamshika mkono ule. Pumzi yake ilikuwa ya kukatikakatika. Sikujua la kufanya, nikaifuata tu. Akili ikakimbia: dawa, usafiri, nani atavuna kahawa. Nikairudisha. Ikakimbia tena. Mguu wangu ukacheza, nikauacha ucheze. Polepole vidole vyake vikalegea. Midomo ikaanza kutikisika bila sauti, nikajua anaomba. Mimi sikuwa naomba, na nilichokuwa nakifanya sikukijua jina.

Shangazi alirudi na uji, akatukuta hivyo. Akaweka bakuli chini, akaketi mlangoni.

Tukawa tunakaa hivyo kila asubuhi. Maneno yakamrudia kidogo kidogo, yamepinda. Siku moja alinikazia macho.

"Ukikaa hivyo... unamwona Mungu?"

"Hapana, baba. Naona fujo tu kichwani."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Na mimi... miaka mingi... fujo."

Alikuwa ameongoza watu katika sala maisha yangu yote, na hakuwahi kuniambia hilo. Nilitaka kumuuliza zaidi, aliwezaje kupanda madhabahuni, lakini alishachoka, akageukia ukutani. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, na wavunaji walikuwa wananiita huko nje. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba, sijui niende au nikae.